Bastola ya Shabaha kwa Mtu wa Mfuko wa Kawaida: Historia Fupi ya Risasi ya .22

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaokalia hivi sasa madawati tuliyoyakalia sisi,

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula, ndugu mmoja niliyelala naye bweni moja alinivuta kando. Yeye anaishi Marekani na familia yake kwa miaka mingi sasa. Aliniambia kwamba amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, kwamba kila Jumamosi hulazimika kuazima bastola ya klabu, na kwamba sasa anataka kununua yake. "Wewe ni mwalimu wa historia," akasema, "lakini nakumbuka ulisoma kule Connecticut kwenye viwanda vya bunduki. Niambie, ninunue ipi ambayo haitanisumbua wala kunimaliza fedha?" Nilimwahidi kumjibu kwa barua. Mhariri wetu aliposikia habari hiyo aliniomba niiandike barua hiyo humu, ili na wengine wasome. Basi ndiyo hii. Ila mwalimu wa historia hajui kujibu swali bila kuanzia mwanzo, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Kama wengi wa rika langu, mara ya kwanza kushika silaha ilikuwa JKT, baada ya Kidato cha Sita. Huko tulifundishwa kwa amri na filimbi, na hakuna aliyetuuliza tunapenda bunduki gani. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1985, nilipokuwa mwanafunzi huko Connecticut. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa fundi mstaafu wa mashine, aliyetumia maisha yake yote kukereza vyuma. Jumamosi moja alinichukua hadi kwenye uwanja wa klabu yake. Aliweka mezani bastola mbili, zote za risasi ndogo ya .22. Moja ilikuwa ya bei ya kutupa, aliyoachiwa na shemeji yake. Nyingine ilikuwa nzee, rangi imemchubuka kwenye kingo, na mzee alisema aliinunua alipokuwa kijana.

Kwa kutaka kuonekana hodari, nilianza na ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa inang'aa. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu nilivuta kifyatulio nikasikia "ta" tu, basi. Nami, kwa ujinga wangu, nikageuka nyuma na bastola mkononi ili nimwonyeshe mzee kwamba imegoma.

Sikuwahi kumwona mzee wa umri ule akienda upesi namna ile. Alinikamata kifundo cha mkono akakirudisha kuelekea tuta la mchanga, akakishikilia hapo bila kusema neno, akihesabu moyoni. Ilipopita kama nusu dakika aliitoa ile risasi, akaiweka mezani, akaniambia nikakae kwenye benchi. Nilikaa benchi mchana wote uliobaki. Watu waliokuwa wamesimama nyuma yangu siku ile walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa mtoto wa shule.

Tangu siku ile nimeelewa jambo moja, nalo ndilo barua hii inalotaka kusema: bastola isiyotegemeka haiharibu shabaha tu. Humshughulisha mtu na ubovu wake hata akasahau mtutu umeelekea wapi. Kwa hiyo swali la ndugu yangu kuhusu bei na uimara ni swali la usalama pia.

FATAKI ILIYOFICHWA UKINGONI

Wazee wetu waliowinda kwa gobori walijua kazi ya fataki. Baruti ilishindiliwa mtutuni, goroli ikafuata, kisha kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka kikawekwa nje, chini ya nyundo. Nyundo ikigonga, fataki hulipuka, moto huingia ndani na baruti huwaka.

Mwaka 1845 fundi wa Kifaransa, Louis-Nicolas Flobert, alipata wazo jepesi. Alichukua fataki yenyewe akaitia kigoroli mdomoni. Hapakuwa na baruti kabisa. Nguvu ya ile dawa peke yake ilitosha kurusha kigoroli hatua chache. Watu wenye nafasi walinunua bunduki na bastola zake wakalenga shabaha humo humo sebuleni, baada ya chakula cha jioni. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake risasi hii ilikuwa risasi ya mchezo.

Huko Springfield, katika jimbo la Massachusetts, Horace Smith na Daniel Wesson waliliendeleza wazo hilo. Waliongeza baruti kidogo, na ile dawa ya fataki wakaiweka ndani ya ukingo unaozunguka kitako cha ganda. Mwaka 1857 walitoa bastola yao ya kwanza ya silinda inayozunguka, yenye kubeba risasi saba. Risasi yake ndiyo iliyokuja kuitwa .22 Short. Namba hiyo ni kipenyo chake kwa sehemu ya inchi, yaani kama milimita 5.6. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, askari wengi walijinunulia bastola hizo kwa fedha zao wenyewe.

Mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Chicopee Falls, katika jimbo hilo hilo, ilitoa risasi ndefu zaidi, .22 Long Rifle, yenye kichwa cha risasi cha uzito wa gramu 2.6 hivi. Ingawa jina lake linataja bunduki ndefu, ndiyo inayotumiwa na karibu bastola zote za shabaha za .22 mpaka leo. Imeishi zaidi ya karne moja na robo, na sababu ya kuishi kwake ni bei. Ganda lake ni jembamba, halina kifuniko cha fataki cha kutengenezwa mbali na kupachikwa, na hutupwa baada ya kutumika mara moja.

Lakini urahisi huo ndio chanzo cha ugonjwa wake. Kiwandani, dawa ya fataki hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae ukingoni kote. Isiposambaa vizuri, hubaki pengo. Msumari wa bastola ukigonga penye pengo, husikika "ta" kama niliyoisikia mimi. Wakati mwingine dawa huchelewa kidogo kuwaka, na ndiyo maana yule mzee alihesabu kabla ya kuitoa risasi. Tena ule ukingo umetokeza nje, kwa hiyo risasi zikipangwa vibaya ndani ya magazini, ukingo wa moja hunasa nyuma ya ukingo wa nyingine. Tena kichwa cha risasi hupakwa nta au mafuta kwa nje, na masizi yakichanganyika na nta hiyo huwa utandu mzito ndani ya mtambo. Risasi kubwa, ambazo fataki yake hukaa katikati ya kitako, hazina taabu hizi kwa kiasi hicho.

Tunaweza kusema, basi, kwamba historia ya bastola nzuri ya .22 ni historia ya mafundi waliohangaika na ukingo huo mmoja.

BROWNING NA COLT

Bastola za silinda hazikupata taabu sana, kwani mkono wa mpigaji ndio huleta risasi inayofuata. Kazi ngumu ilikuwa kutengeneza bastola inayojilisha yenyewe kwa risasi dhaifu, chafu na yenye ukingo. Aliyeifanikisha kwa watu wa kawaida wa Marekani alikuwa John Moses Browning, fundi wa Utah. Kampuni ya Colt ya Hartford, Connecticut, ilianza kuitengeneza bastola yake mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1927 iliitwa Woodsman, maana yake mtu wa msituni.

Mtambo wake hauna kufuli. Baruti ikiwaka, ganda husukuma nyuma kipande cha chuma kinachoziba chemba. Uzito wa chuma hicho na nguvu za springi huchelewesha kufunguka mpaka risasi imekwisha kutoka mtutuni. Ganda tupu hutupwa nje, springi hurudisha chuma mbele, nacho huchota risasi mpya. Mtambo wa namna hii hutegemea mizani. Springi ikiwa ngumu mno, risasi dhaifu haitaweza kuifungua. Ikiwa laini mno, risasi kali itavigonga vyuma mpaka viharibike. Colt waliliona hilo wenyewe: mwaka 1932, baada ya viwanda kuanza kuuza risasi za mwendo mkali, ilibidi waibadilishe sehemu ya nyuma ya bastola hiyo ili ihimili nguvu mpya.

Woodsman ilikuwa bastola nzuri kweli kweli. Ilikerezwa kutoka chuma kizima na kukamilishwa kwa mikono ya mafundi hodari. Lakini mikono hodari hulipwa, na mishahara ilipopanda bei nayo ilipanda. Kijana wa kiwandani aliweza kuitazama dirishani mwa duka. Kuinunua ilikuwa habari nyingine. Colt waliacha kuitengeneza mwaka 1977.

GHALA JEKUNDU LA SOUTHPORT

Hapa ndipo inapoingia ile bastola ya pili ya mwenyeji wangu. William Ruger, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1916, alikuwa mbunifu wa mitambo ambaye kampuni yake ya zana za mkono ilikuwa imefilisika. Baada ya Vita Kuu ya Pili alipata bastola ya Kijapani aina ya Nambu kutoka kwa askari aliyerudi vitani, akaichunguza kwa makini na kuiga umbo na mtambo wake. Mwaka 1949 rafiki yake Alexander Sturm aliweka mtaji wa dola 50,000, nao wakaanza kazi katika jengo la mbao lenye rangi nyekundu huko Southport, Connecticut.

Bastola yao ya kwanza iliuzwa dola 37.50, bei iliyokuwa chini kabisa ya ile ya Woodsman. Watu waliposikia bei walidhani ni takataka. Haikuwa hivyo, na ni vizuri vijana waelewe kwa nini.

Ruger alijiuliza ni wapi penye haja ya usahihi mkubwa na ni wapi pasipo na haja. Mpini hauhitaji kukerezwa kutoka chuma kizima, kwa hiyo aliutengeneza kwa mabati mawili ya chuma cha pua yaliyokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kulehemu, kama maganda mawili ya njugu. Springi zake alizifanya za waya wa kuzungushwa, ambazo ni rahisi kutengeneza na hazivunjiki ovyo. Lakini pale penye kulenga hakubania. Mtutu ulikazwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililobeba mtambo, na vilengeo vya mbele na nyuma vikakaa juu ya chuma hicho kisichochezacheza. Kinachokwenda nyuma na mbele ni kipande cha ndani tu. Kwa hiyo jicho likilenga leo, kesho litakuta kila kitu mahali pake.

Sturm alifariki mwaka 1951 akiwa bado kijana, na nembo ya tai aliyoichora yeye ikabadilishwa kutoka rangi nyekundu kuwa nyeusi. Bastola yenyewe iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 30, na kisha kufuatiwa na ndugu zake: Mark II mwaka 1982, Mark III mwaka 2004, na Mark IV mwaka 2016. Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo haikukosa ila. Kuifungua kwa ajili ya kuisafisha kulikuwa kazi rahisi, lakini kuifunga tena kulimtoa mtu jasho. Mwenyeji wangu alisema ameona wanaume watu wazima wakiileta klabuni ndani ya mfuko wa karatasi, vipande vipande. Ilichukua miaka 67, mpaka hiyo Mark IV, kwa kampuni kuweka kitufe kimoja cha kuifungulia. Nayo Mark IV, mwaka uliofuata wa 2017, ilibidi irudishwe kiwandani kurekebishwa, kwa kuwa iligunduliwa kwamba kifyatulio kikivutwa wakati kizuizi cha usalama kimekaa katikati, si juu wala chini, bastola ingeweza kulipuka kizuizi kilipoguswa. Ninalitaja hili ili msije mkadhani kwamba jina zuri linatosha. Kizuizi cha usalama ni chuma, na chuma huweza kukosea. Kidole kilichokaa nje ya kifyatulio ndicho kizuizi cha kwanza.

FUNDI ASIYEONA NA SAJINI WA HUNGARIA

Msidhani mambo haya yalikuwa ya Marekani peke yake. Katika Umoja wa Kisovyeti alikuwako Mikhail Margolin, aliyepoteza macho yote mawili akiwa kijana kwa jeraha la risasi kichwani. Alijifunza mitambo kwa vidole, akiunda vielelezo vya vipande na kuvipapasa mpaka akilini mwake bastola nzima ikakamilika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 bastola yake ya shabaha ya .22 ilianza kutengenezwa, na kwa miaka mingi wapiga shabaha wa Kisovyeti waliitumia kwenye mashindano. Ni bastola nyepesi kueleweka, isiyo na mapambo, na mpaka leo zipo zinazofanya kazi.

Habari ya Károly Takács ni ya mpigaji mwenyewe. Alikuwa sajini katika jeshi la Hungaria, na mwaka 1936 alizuiwa kwenda Olimpiki kwa kuwa hakuwa ofisa. Mwaka 1938 guruneti liliharibu mkono wake wa kulia, ule ule wa kulengea. Alipotoka hospitali alianza kujifunza kwa mkono wa kushoto, kimya kimya. Mwaka 1948 huko London alishinda medali ya dhahabu ya bastola ya mwendo wa haraka, mita 25, kwa pointi 580 kati ya 600, rekodi ya dunia. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda tena. Katika mchezo ule mpigaji hukabili shabaha tano na kuzipiga zote kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Risasi iliyotumika ilikuwa ile ile ndogo ya .22 Short.

Ninamtaja Takács kwa sababu kijana akisikia mazungumzo ya kununua bastola hudhani ubora unanunuliwa dukani. Aliyepaswa kufundishwa upya ni mkono, na mkono haufundishwi kwa risasi mia moja. Hufundishwa kwa maelfu. Ndiyo maana bei ya risasi ina uzito kuliko bei ya bastola.

RAHISI NA NAFUU

Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa, nami naomba tuyatofautishe. Kitu rahisi ni kile ambacho bei yake ni ndogo siku ya kukinunua. Kitu cha nafuu ni kile ambacho gharama yake inabebeka mpaka siku ya mwisho ya kukitumia.

Katika miaka ya 1960 Marekani ilifurika bastola rahisi za .22, nyingi zikiagizwa kutoka nje, za chuma dhaifu cha kumimina. Kwa shabaha hazikufaa, lakini ziliua. Mwezi Juni 1968, Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi kwa bastola ya silinda ya .22 huko Los Angeles, akafa siku iliyofuata. Mwezi Oktoba mwaka ule ule ilipitishwa sheria iliyozuia kuingizwa nchini bastola zisizofaa kwa michezo. Yeyote anayeiita .22 kitu cha kuchezea na akumbuke hilo. Risasi hiyo ndogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 1 ikikosa tuta la kuizuia.

JIBU KWA NDUGU YANGU

Sasa nakujibu, ndugu yangu, kwa utaratibu.

Kwanza, nunua bastola iliyodumu sokoni kwa miaka mingi. Ruger za Mark II na baada yake, au Buck Mark ya kampuni ya Browning iliyotoka mwaka 1985, zina vipuri na magazini karibu kila duka la huko uliko. Magazini mbovu ndiyo chanzo cha nusu ya lawama ambazo bastola hubebeshwa, kwa hiyo nunua mbili au tatu tangu mwanzo na uzitie alama, ili inayonasa ijulikane.

Pili, tazama mtutu na vilengeo. Mtutu uwe umekazwa usitikisike, na kilengeo cha nyuma kiwe cha kurekebishika. Bastola ya shabaha yenye uzito wa karibu kilo 1 hutulia mkononi kuliko nyepesi.

Tatu, ishike kabla ya kulipa. Kidole kikifika kwenye kifyatulio bila mkono kujinyonga, hiyo ni yako. Kifyatulio kivutike kwa ulaini na kwa namna moja kila mara.

Nne, iliyotumika isikutishe, ikiwa imetunzwa. Bastola ya .22 haichakai upesi, kwa kuwa risasi yake ni dhaifu. Lakini tazama ukingo wa chemba mahali msumari unapogonga. Ukiona pamebonyea, iache.

Tano, nunua visanduku vidogo vya risasi za aina nne au tano, upige kila aina, uandike daftarini ni ngapi zilizogoma na ni ngapi zilizokaa pamoja kwenye shabaha. Bastola moja hupenda risasi ambayo pacha wake huikataa. Mara nyingi risasi za mwendo wa kawaida, zisizozidi mwendo wa sauti, hulenga vizuri kuliko zile kali. Ukipata inayofaa, weka akiba kidogo. Baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook, hapo hapo Connecticut, mwezi Desemba 2012, watu walihofu sheria mpya wakakimbilia madukani, na kwa miaka kadhaa risasi za .22, zile zilizokuwa bei ya chini kuliko zote, hazikuonekana.

Sita, weka kando fedha ya miwani na vizibo vya masikio, na ya sanduku la chuma lenye kufuli. Kama fedha haitoshi vyote, basi haijatosha bastola. Endelea kuazima ya klabu.

Saba, isafishe. Utandu ule wa nta na masizi hauna huruma, na mtambo mzuri uliochafuka hugoma sawasawa na mbovu.

Na ikigoma, usigeuke. Shikilia mtutu ukielekea tutani, hesabu nusu dakika, ndipo uitoe.

KWA VIJANA WALIOKO SHULENI

Ninajua mtasema: mwalimu, sisi habari hizi zinatuhusu nini? Hapa kwetu silaha ni ya leseni, na kuimiliki bila kibali ni kosa kubwa. Ni kweli, na sikuandika ili mmoja wenu aitamani. Ninyi hesabu zenu ziko kwenye mitihani.

Lakini sikilizeni kisa kimoja cha mwisho. Uingereza ilikuwa na klabu za bastola kwa zaidi ya miaka mia. Mwezi Machi 1996 mtu mmoja mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku karibu bastola zote, ila .22 ziliachwa zikae klabuni. Uchaguzi ukafanyika, serikali ikabadilika, na kabla mwaka haujaisha sheria ya pili ikaziondoa hata hizo .22. Wapiga shabaha wa Uingereza walilazimika kwenda nchi nyingine kufanya mazoezi. Wengine waliona wameonewa, kwani hawakutenda lolote. Wazazi wa Dunblane waliona kwamba mchezo wa mtu mmoja hauwezi kuwa na uzito kuliko mtoto wa mwenzake. Nimefundisha historia miaka 34, na kila nilipoeleza kisa hicho darasani, darasa liligawanyika. Sikuwahi kuwalazimisha kukubaliana. Niliwataka tu kila upande uweze kueleza hoja ya upande wa pili kwa haki kabla ya kuijibu.

Yule mzee wa Connecticut alinirudisha mezani Jumamosi iliyofuata. Hakuleta tena ile bastola inayong'aa. Alikuwa ameivunja kwa nyundo kwenye meza yake ya kazi, akatupa vipande. Alinipa ile Ruger yake iliyochubuka, akasimama nyuma ya bega langu, na risasi kumi za kwanza zote zilitoka. Mbili ziligusa duara la katikati. Alinipongeza kwa kitu kimoja tu: kwamba nilipomaliza niliiweka mezani ikiwa wazi, magazini imetolewa, mtutu ukielekea tutani, kabla sijageuka kumtazama.

Ndugu yangu, ukiipata hiyo bastola yako, niandikie uniambie ulichagua ipi. Na mtoto wako akienda nawe uwanjani, mfundishe kuiweka mezani kwanza.

Wenu katika undugu wa shule,
Mwanafunzi wa zamani, Kidato cha Sita